Laptopu ya Kwanza: Kagua Hivi Kabla ya Kutoa Hela

Kama hela uliyonayo inatosha laptopu mpya ya bei ya chini kabisa dukani, usiinunue. Chukua hela hiyohiyo ukatafute iliyotumika, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Najua wazazi hawapendi kusikia hivyo. Mzazi akitoa hela yake anataka kuona boksi na nailoni ambayo haijachanwa. Lakini ile mpya ya bei chee mara nyingi ina prosesa dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC, nayo ya kuchomelewa, ya GB 64. Windows na masasisho yake vikishakaa humo, unabaki unafuta picha ili upate pa kuweka notsi za muhula. Ukimpelekea fundi akuongezee, hana pa kuongezea.

Za maofisi ninazosema ni ThinkPad za Lenovo, hasa zile za T, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Makampuni ya Ulaya na Marekani huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka michache, kisha huziuza kwa mkupuo, na nyingi hufika Kariakoo zikiwa zimepitia Dubai. Ndiyo maana utakutana na kibodi yenye herufi za Kijerumani au Kiarabu. Hiyo isikutishe, itumie kuombea punguzo. Ukiwa unaandika bila kuangalia vidole, baada ya wiki utasahau kama zipo.

Kwa mfano, ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za RAM, diski yake inabadilishwa kwa bisibisi, inachaji kwa Type-C, na ina sehemu ya betri mbili: moja iko ndani, nyingine unaichomoa kwa nje. Betri ya nje ikichoka unanunua nyingine na kuichomeka mwenyewe. Ndugu yake T480s ni nyembamba na inapendeza zaidi mkononi, ila sehemu ya RAM yake imechomelewa na haina betri ya kuchomoa. Herufi moja tu imebadilisha mashine, kwa hiyo soma jina lote mpaka mwisho, usiishie kwenye nembo.

Prosesa nayo isomwe mpaka mwisho. Muuzaji atakuambia "hii ni Core i7" kwa sauti ya kukumalizia mjadala. Muulize namba inayofuata. i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili. I5-8250U ni ya mwaka 2017 na ina vinne, na inaiacha mbali ile i7 katika kazi nyingi. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 4 ni cha nne, 8 ni cha nane. Ikianza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, ni kizazi cha kumi na cha kumi na moja. Nasisitiza iwe cha nane kwenda juu kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi hicho, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Wako mafundi wanaoweza kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani zaidi. Inaingia kweli, lakini Microsoft haikuahidi kwamba masasisho yataendelea kuja, na wewe ndiye utakayekuwa nayo usiku wa kuamkia kuwasilisha kazi. Tena hizo T480 na EliteBook 840 G5 zipo zilizotoka na prosesa ya kizazi cha saba, kama i5-7300U, kwa hiyo jina la mashine peke yake halikuhakikishii kitu.

RAM iwe GB 8 kwa uchache, na hifadhi iwe SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya GB 256. Ukilazimika kupunguza kitu ili bei ikufae, punguza RAM, maana hiyo utaongeza boom (hela ya mkopo wa chuo) la pili likiingia, lakini diski ya kuzunguka usiikubali. Kompyuta nyingi ninazoletewa kwa kosa la "imezeeka, inachelewa" hazijazeeka popote zaidi ya kwenye diski hiyo. Ukiweka SSD, mashine ileile inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Sasa twende dukani. Kariakoo utapokelewa na winga kabla hujafika kwenye duka lenyewe. Winga si mtu mbaya, anatafuta riziki, ila anajua duka linalompa chake, na chake kimo ndani ya bei yako. Mwambie asante, endelea na safari. Nenda asubuhi, maana jioni kila mtu ana haraka na taa za duka huficha kasoro za kioo. Beba flashi, spika za masikioni na simu yenye bando.

Ikiwashwa, mwambie muuzaji achomoe chaji. Anayekataa kuichomoa ameshakujibu kuhusu betri. Fungua lile dirisha jeusi la amri, liitwalo Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Humo mna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo ikijaa. Kama kiwandani ilikuwa 50,000 na leo ni 30,000, umebakiwa na asilimia 60. Mimi naridhika na 70 kwenda juu. Chini ya hapo tunazungumza bei upya. Wauzaji wengi hawajawahi kuona mteja akiifungua ripoti hiyo, na mazungumzo hubadilika papo hapo.

Kisha zima mashine na uiwashe tena ukiingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayotangulia Windows: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani hata kama ni nzuri kama mbalamwezi. Mashine za makampuni huja na makufuli ya wenyewe. Kufuli jingine halionekani mpaka Windows iwekwe upya: kompyuta inaingia kwenye intaneti, inajitambulisha kuwa ni mali ya kampuni fulani ya ng'ambo, na inakuomba barua pepe ya mfanyakazi wao. Kwa hiyo omba irudishwe kwenye hali ya kiwandani mbele yako, kisha iunganishe na simu yako uone inaanza kama mashine isiyo na mwenyewe. Wakikuambia inachukua muda, waambie utasubiri. Kwa MacBook kagua kitu hichohicho: iwe imetolewa kabisa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza.

Yaliyobaki ni ya haraka. Andika herufi zote za kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Washa kamera, piga muziki, fungua picha nyeupe tupu kioo kizima utafute madoa, na ukifungue na kukifunga kioo polepole usikilize bawaba. Adapta ya chaji iwe ya kampuni yenyewe na ya wati zinazotakiwa. Ikija na plagi ya Ulaya ya miguu miwili, badilisha waya tu, adapta ibaki ileile. Mwisho dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na waranti iliyoandikwa, hata ya mwezi mmoja. Maneno ya "ikizingua niletee" yana wenyewe, na siku ukirudi hutawakuta.

Kuna huduma moja utauziwa palepale: kupiga Windows, yaani kukuwekea upya. Kabla hujalipa, fungua mipangilio, nenda sehemu ya Activation usome. Laptopu hizi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya bodi. Ukiweka toleo lilelile upya, inajitambua yenyewe bila namba ya siri wala fundi. Yule anayekupigia Windows kwa programu ndogo ya kuidanganya kwamba imelipiwa anakuwekea kitu ambacho mara nyingi sharti lake la kwanza ni "zima antivairasi". Hebu fikiria mgeni anayekuomba umfunge mbwa kwanza ndipo aingie. Antivairasi yenyewe usinunue. Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha kwa mtu wa kawaida, mradi usiizime.

Nimefika kwenye programu, na hapa ndipo naona hela na usalama vikimwagika bure. Chuo kizima kinapeana folda moja la programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa leseni, kutoka flashi hadi flashi, na vairasi anasafiri nazo bila nauli. Orodha ya unachohitaji ni fupi kuliko unavyodhani, na karibu yote yanapatikana kihalali bila senti.

Kwa kuandika na kufanya mahesabu, LibreOffice. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, inasimamiwa na The Document Foundation, na inafungua faili za Word na Excel. Kasoro yake utaiona steshenari: umepanga kazi vizuri kwako, ukifungua kwenye kompyuta yao jedwali limehama ukurasa. Dawa ni kupeleka PDF kila unapokwenda kuchapisha. Kama mhadhiri anataka faili la Word, tumia fonti za Carlito na Caladea zinazokuja na LibreOffice. Zilichongwa zilingane kwa upana na Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari haikimbii. Vilevile kuna Word ya kwenye kivinjari, ambayo Microsoft inaitoa bure ukiwa na akaunti. Na ukishapata barua pepe ya chuo, waulize watu wa TEHAMA kama inakupa Office. Vyuo vilivyojiandikisha hupata huduma hiyo kwa wanafunzi wao na wanafunzi wenyewe hawana habari.

Kwa marejeo ya utafiti weka Zotero tangu mwaka wa kwanza, usingoje tasnifu. Video VLC, kufungua faili zilizobanwa 7-Zip, picha GIMP, sauti Audacity. Sina la kuongeza hapo.

La kuongeza lipo kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Mwaka wa tatu kila mtu anaitafuta, na kwa kuwa IBM wanaiuza kwa bei isiyo ya mwanafunzi, wengi huishia kwenye iliyokrakiwa, inayogoma wiki ya kuandika sura ya nne. Jaribu PSPP, iliyotengenezwa kwa kuifuata SPSS: inafungua faili zilezile za .sav na dirisha lake linafanana. Au chukua JASP kutoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, au jamovi. Hizi ni nyepesi kuzielewa na majedwali yake ni masafi. Kwa idadi na asilimia, chi-square, t-test na regresheni ya kawaida, zinakutosha. Mwambie msimamizi wako mapema utatumia ipi, kwa sababu wapo wanaotaka kuona jedwali lenye sura ya SPSS na si vingine, na ubishi huo haufai kuanza siku ya kutetea utafiti.

Kama umerithi mashine ya kaka ambayo haifiki kizazi cha nane, usiitupe. Iwekee Linux Mint. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani, ukaona kama Wi-Fi inashika na sauti inatoka, ndipo uamue. Inaomba RAM ya GB 2 tu, ingawa GB 4 ndiyo raha. Tahadhari yangu ni moja: ukijua kozi yako ina programu isiyokwenda kwa Linux, kama AutoCAD, njia hiyo si yako.

Kwenye flashi jihadhari zaidi kuliko kwenye laptopu, maana hapo uchakachuaji ni wa wazi. Flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani ya chipsi kuku haipo duniani. Ndani huwa na GB chache, na imefundishwa kuiambia kompyuta uongo. Unanakili faili, majina yanaonekana yote, ukija kuyafungua mengine hayafunguki. Ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla hujaiamini: programu hizo zinaijaza mpaka mwisho kisha zinasoma tena zilichoandika. Inachukua saa kadhaa, iache usiku.

Ukianza kutumia simu kama chanzo cha intaneti, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uwashe "Metered connection". Bila hivyo Windows itaona Wi-Fi, ifikiri iko ofisini Ulaya, na bando la wiki liishe kwa masasisho kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Kazi zako zikae sehemu mbili, na moja isiwe ndani ya begi lilelile unalopanda nalo daladala. Google wanakupa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Kwa maandishi ya miaka mitatu ni nyingi, alimradi video za harusi uziweke kwingine. Na kama Windows 11 yako imefunga diski kwa BitLocker, jambo ambalo huweza kutokea yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, ile namba ndefu ya kufungulia iandike kwenye daftari leo. Fundi akigusa BIOS, kompyuta huweza kuiomba, na akaunti yenye namba hiyo wengi waliifungua kwa laini ya simu waliyokwisha kuipoteza.