Magamba Madogo ya Bahari na Kipimo cha Kaboni-14

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya bahari. Katika tope lililochimbwa kwenye sakafu ya bahari nimeokota magamba ya foraminifera, yaani viumbe vidogo sana vya bahari vyenye gamba la chokaa, lakini yote pamoja yana uzito wa miligramu 3 tu. Je, yanatosha kupimwa umri kwa kaboni-14, ile aina ya kaboni inayooza na kupungua kadiri miaka inavyopita, au nichanganye na ya tabaka la chini yake ili uzito uongezeke? — Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Usichanganye, ndugu msomaji, kwa sababu magamba ya tabaka mbili yatakupa umri wa katikati ambao si wa tabaka lolote. Kaboni ni asilimia 12 ya uzito wa gamba, kwa hiyo unazo takribani mikrogramu 360. Ni kweli kwamba maabara nyingi hupendelea mikrogramu 1,000, lakini mashine za siku hizi, zinazohesabu atomi za kaboni-14 zenyewe badala ya kungoja zioze, huweza kupima hata chini ya mikrogramu 100.

Kinachonitia hofu zaidi ni uchafu. Tuseme mikrogramu 1 tu ya kaboni ya siku hizi imepenya wakati wa maandalizi. Ikiingia katika mikrogramu 1,000 za kaboni kongwe ambayo haina tena kaboni-14 hata chembe, umri utasomeka kama miaka 55,000 hivi. Ikiingia katika mikrogramu 100, utasomeka kama miaka 37,000. Ndiyo maana uiombe maabara ipitishe katika hatua zilezile magamba yenye umri unaozidi miaka 100,000, yaliyopimwa uzito sawa na wako, ili ijulikane ni kaboni ngapi ya kigeni inayoingia njiani.

Chagua magamba ya spishi moja chini ya hadubini, ukiyanyanyua kwa ncha ya brashi nyembamba iliyoloweshwa maji yaliyosafishwa kimaabara, kamwe si kwa vidole. Yapasue taratibu kati ya vioo viwili mpaka vyumba vyake vifunguke na tope lililojificha ndani litoke kwa kuoshwa. Lakini usiyasage yakawa unga, kwa kuwa unga hunasa kaboni dioksidi ya hewani. Yahifadhi katika chupa ndogo ya kioo iliyochomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 450. Kazi ya kuyayeyusha kwa asidi ya fosforiki ndani ya ombwe, kuigandisha gesi kwa nitrojeni ya kimiminika na kuigeuza grafiti, yaani kaboni ngumu, juu ya unga wa chuma, waachie wenye mitambo.

Jambo moja nakusihi ulishike kuliko yote. Maabara nyingi za bahari zimewahi kutumia kaboni-14 iliyotengenezwa viwandani kupimia ukuaji wa mimea midogo ya majini, na kiasi chake ni kikubwa mno kikilinganishwa na kile cha asili. Mabaki yake hukaa miaka mingi kwenye meza, friji, mizani na vishikio vya milango, na sampuli iliyoguswa nayo haisafishiki. Mbaya zaidi, inaweza kuuchafua mtambo mzima na kuharibu vipimo vya watu wengine. Kabla hujaifungua chupa yako katika chumba chochote, muulize msimamizi kama kaboni hiyo imewahi kutumika humo. Kama imewahi, kafanyie kazi yako katika jengo lingine, kwa brashi na vyombo vipya.