Anwani ya Chanzo katika Pakiti za Saa: Kwa Mafundi Wapya wa Mtandao Tanga

Ninyi mnaoanza kazi ya mitandao katika ofisi za hapa Tanga, kuanzia bandarini hadi Chumbageni, mtakuta seva zenye njia mbili za kutokea: faiba, na modemu ya simu inayowekwa akiba kwa siku faiba itakapokatika. Katika seva ya namna hiyo, ombi la saa linalokwenda poti 123 ya UDP hubeba anwani ya chanzo, yaani ya mtumaji, ambayo mfumo endeshi umeichagua wenyewe kwa kufuata jedwali la njia (orodha ya pakiti zipi zitokee wapi). Ikiwa seva ya saa ya upande wa pili imeruhusu anwani moja tu, ombi lenye anwani nyingine hutupwa bila taarifa yoyote, na safu ya Reach (rekodi ya maombi yaliyojibiwa) katika chronyc sources, amri ya chrony, programu ya kurekebisha saa, hubaki 0 ilhali barua pepe na tovuti zinafunguka vizuri.

Katika chrony, agizo la kuweka anwani ya chanzo ni bindacqaddress. Wanaoanza huandika bindaddress, ambalo kazi yake ni kuamua seva isikilize maombi ya wengine kwenye anwani ipi, wala halibadilishi chochote katika maombi inayoyatuma. Kwa OpenNTPD, programu nyingine ya saa, tumieni query from.

Hapa nawasihi mwende polepole: kufunga anwani si kuchagua njia. Pakiti yaweza kubeba anwani ya faiba lakini ikatokea kwenye modemu, na mtoa huduma anayefuata mwongozo wa RFC 2827, wa mwaka 2000, ataitupa kwa kuwa anwani hiyo haimo miongoni mwa zile alizozigawa. Kwa sababu hiyo mimi hupenda kurekebisha jedwali la njia kwanza, kwa kutaja src (anwani ya chanzo) kwenye njia yenyewe, na bindacqaddress hulitumia pale tu anwani inapokuwa ya kudumu; anwani inayogawiwa na DHCP msiifunge kabisa, kwani siku itakapobadilika maombi ya saa yatashindwa kutoka.

Kabla ya kubadilisha lolote, ulizeni njia kwa amri ya ip route get mkitaja anwani ya seva ya saa, kisha tazameni pakiti zenyewe kwa tcpdump -n udp port 123. Subirini Reach, inayoandikwa kwa tarakimu za msingi wa nane, ifike 377, maana yake maombi 8 ya mwisho yote yamejibiwa, halafu rudieni upimaji huohuo waya wa faiba ukiwa umechomolewa.