Injini ni mpya, nati nikaze za nini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasambaza maandazi kwa baiskeli kila alfajiri, kutoka Mbagala Kuu mpaka Zakhem na Mtongani. Miguu imechoka. Nimejinyima nikanunua injini ya petroli ya kufunga kwenye baiskeli, ile ndogo inayokuja kwenye boksi na tangi lake. Kijana wa gereji kaifunga, kaniambia, "Hii mpya toka kiwandani, weka mafuta uondoke." Jirani yangu anasema nisithubutu kuiwasha kabla sijapitia kila nati. Nimsikilize nani? Na kama ni kukaza, nianzie wapi?
Muuza Maandazi, Mbagala Kuu

JIBU: Marahaba. Jirani yako mnunulie soda, kakuokoa.

Kijana wa gereji hakukudanganya kwa makusudi. Alikaza alivyofunga yeye: vikamatio vya fremu, tangi, cheni. Zile nati zilizokuja zimeshafungwa kwenye injini hakuzigusa, kwa sababu aliamini kiwanda kimeshazikaza. Na mtu wa kiwandani naye, naona, huwa anaamini fundi atakayefunga atazipitia. Kwa hiyo zimebaki hazina mwenyewe. Ongeza kwamba injini hizi hutetemeka kama mashine ya kukoboa, nawe umeipakata kwenye bomba la baiskeli. Nati iliyolegea robo mzunguko asubuhi, jioni huikuti.

Anza na kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kama sehemu ya injini: kile kigurudumu kidogo kinachosukuma cheni isilegee, wenyewe tunakiita tenshena. Kimeshikwa kwenye fremu kwa kikamatio cha bolti mbili tu. Kikizunguka, kinaingia kwenye spoku za tairi la nyuma, na tairi linasimama hapohapo. Yangu ya kwanza ilinifanyia hivyo nikitoka Tandika, nimeingia Barabara ya Kilwa, daladala iko nyuma yangu. Kilichoniokoa ni kwamba dereva yule alikuwa anapunguza mwendo kushusha abiria. Nilisimama na spoku saba zimekatika na goti moja halina ngozi. Kwa hiyo tenshena kwanza. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe kwenye bomba chini ya kikamatio, kisha kaza bolti zote mbili kwa zamu. Halafu ikamate kwa mkono, jaribu kuizungusha kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, usipande.

Ukiwa hukohuko nyuma, tazama sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni ya injini. Kwenye injini nyingi za aina hii inabanwa kwenye spoku kwa bolti tisa na vipande vya mpira. Kaza moja, ruka upande wa pili, kaza nyingine, kama fundi wa gari anavyofunga tairi. Ukizikaza kwa kufuatana, sproketi inakaa upogo na cheni itakuwa inaruka. Zungusha tairi polepole uone kama cheni inakaza hapa na kulegea pale.

Sasa injini yenyewe. Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ina nati nne juu. Hizo nazo ni za mkingamo, kidogokidogo, ukizirudia zote mara mbili tatu, na injini iwe ya baridi. Bolti za mm 8 kwa kawaida hutaka spana namba 13, ingawa nimekuta boksi zenye nati za 14, kwa hiyo beba zote mbili. Shuka kwenye kabureta: nati mbili zinazoshika lile bomba linaloingia kwenye silinda. Hizi usizidharau kwa udogo wake. Zikilegea, injini inavuta hewa pembeni, mafuta yanakuwa haba, joto linapanda na pistoni inakwama. Mtu analaumu oili kumbe ni nati ya namba 10. Ekzosi nayo nati mbili, na usiiache ining'inie: ifunge kwa chuma kwenye fremu, la sivyo mtetemo wake utakata studi, zile bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye injini. Vifuniko vya pembeni, cha klachi na cha sumaku, vina skrubu. Zipitie kwa bisibisi inayotosha vizuri, si ile iliyoliwa ncha. Malizia na bolti zinazoikamata injini kwenye fremu, mbele na nyuma.

Lakini naomba unisikilize vizuri hapa, maana waliokata studi kwa kukaza ni wengi kuliko walioacha zilegee. Sisi tumefundishwa gereji kukaza mpaka spana ilie. Hizi studi ni laini, na bodi ya injini ni alumini. Shika spana fupi karibu na kichwa chake, kaza kwa kiganja cha mkono, usiweke bomba la kuongezea nguvu. Ukiona nati inazunguka bila kuwa nzito, simama. Uzi, yale meno ya ndani ya nati au ya studi, umeanza kuliwa.

Weka washa ya springi pale isipokuwepo. Kwenye bolti za fremu, sproketi na tenshena tumia gundi ya nati ya buluu, tone moja linatosha. Kwenye hedi na ekzosi usiihangaikie, joto litailainisha.

Ukimaliza, mwombe shemeji rangi ya kucha, nyekundu ikiwezekana. Chora mstari mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho jirani. Kila alfajiri kabla ya kupakia maandazi unamulika tochi ya simu: mstari ukikatika pande mbili, nati hiyo imetembea. Mafundi wenzangu walinicheka, siku hizi wanaazima kichupa changu.

Safari ya kwanza iwe ya mtaani, dakika kumi na tano bila mzigo. Rudi, iache ipoe kabisa, pitia nati zote upya. Za hedi hasa, kwa sababu gasketi, kile kizibo chembamba kilicho chini ya hedi, ikishapata moto hubonyea na nati inabaki na nafasi. Rudia tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, na baada ya wiki. Baadaye mara moja kwa wiki inatosha, Jumapili kwa mfano kama huuzi.

Na studi ikikukatikia, usiichimbe kwa msumari na nyundo. Kama imebaki ncha nje, funga nati mbili juu yake, zibane moja kwa nyingine, kisha fungua kwa ile ya chini. Imekatikia ndani? Hiyo mpelekee fundi wa mashine ya kukereza.