Ukutubi wa utafiti chuoni: jifunze kuuliza kabla ya kutafuta

Vijana wanaomaliza ukutubi huniuliza wasome nini zaidi ili wapate nafasi ya kuhudumia watafiti chuo kikuu. Wengi hutegemea niwatajie programu za kompyuta. Hizo utajifunzia kazini. Kinachomrudisha mhadhiri mezani kwako ni jinsi unavyomuuliza.

Mtu akikwambia "natafuta vitu vya kilimo wakati wa ukoloni", bado hajasema anachotaka. Zao gani? Wilaya gani? Miaka ipi? Ameshasoma nini? Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuja amekata tamaa, akiamini hakuna kilichoandikwa kuhusu mashamba ya Lushoto kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye kila kanzidata (hifadhi ya kutafutia makala) aliyofungua aliandika "Lushoto" na "Tanzania". Lakini jina la Tanzania lilianza kutumika 1964. Kabla ya hapo ni Tanganyika, na enzi za Mjerumani ni Deutsch-Ostafrika. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na Bagamoyo waliiandika Bagamojo. Tukaunganisha majina ya zamani na ya sasa kwa OR, yaani "au", ili lolote kati yake lipatikane, tukaweka Usambara, milima ya eneo hilo, upande wa pili wa utafutaji, naye akaondoka na orodha ya kumtosha kuanzia. Mashine haikumuuliza anasoma kipindi gani; mkutubi ndiye wa kuuliza.

Ndiyo maana nashauri uchague fani moja uijue kwa undani. Ukiwa na watu wa afya, izoee PubMed, kanzidata ya makala za tiba, na istilahi zake rasmi za mada ziitwazo MeSH mpaka zikukae kichwani. Ijue pia Research4Life, mpango wa kuwafikishia watafiti majarida: ndani yake Hinari ni ya afya na AGORA ni ya kilimo, na taasisi za nchi zenye kipato kidogo huzipata bure au kwa ada ndogo. Inaniuma kuona mwalimu akilipia makala kwa fedha yake ilhali chuo chake kimesajiliwa na hakuna aliyemwambia. Wala usiipite AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kwa sababu majarida mengi ya Afrika hayamo kwenye kanzidata kubwa za nje.

Siku hizi kuna kazi nyingine. Wanafunzi huleta marejeo yaliyotungwa na ChatGPT: mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo. Fungua DOI, namba ya kudumu ya makala mtandaoni, kisha fungua toleo lenyewe la jarida uangalie kurasa. Usimwaibishe mwanafunzi mbele za wenzake. Kaa naye pembeni, mwonyeshe hatua kwa hatua, naye atawafundisha wengine bwenini.

Ukiomba kazi, usipeleke vyeti vitupu. Ambatisha utafutaji mmoja uliofanya mwenyewe: swali lilikuwa nini, ulitumia maneno gani, ulipita kanzidata zipi, ulichoacha na sababu ya kukiacha. Nimekaa kwenye usaili upande wa wanaouliza, na ukurasa wa namna hiyo ndio ninaoutafuta kwanza kwenye bahasha.