Mapipa mawili, "garbage" na "trash": yote niyaite takataka?

Swali: Mwalimu, salaam. Nimepewa tangazo la wapangaji wa fleti fulani hapa Kilimani nilifasiri. Mwenye nyumba ameishi Marekani miaka mingi na ameliandika kwa Kiingereza cha huko. Karibu na geti patawekwa mapipa mawili, moja la "garbage" na jingine la "trash". Kila kamusi ninayofungua inaniambia yote mawili ni takataka. Niandike takataka mara mbili? Tena kuna mahali wapangaji wanaambiwa wawashe "garbage disposal" wakimaliza kuosha vyombo. Nimeandika "utupaji wa taka" lakini sentensi haileti maana.

Jibu: Usiandike takataka mara mbili. Mpangaji akiona neno lile lile kwenye mapipa yote mawili atatupa katika lile lililo karibu naye, na hapo kazi ya kutenganisha itakuwa imeharibika kabla haijaanza.

Kamusi zako hazijakosea, ila zimekupa maana pana. Wamarekani wengi siku hizi huyachanganya maneno haya, lakini tofauti ya zamani ingalipo na mwenye nyumba wako ameishika. "Garbage" ni zile taka mbichi za jikoni: makombo, maganda, mifupa. "Trash" ni vitu vikavu: karatasi, maboksi, vyombo vilivyovunjika. Mwingereza yeye huyajumlisha yote katika "rubbish", neno lenye undugu na "rubble", yaani kifusi. Sisi shuleni tulisomeshwa Kiingereza cha Mwingereza, kisha mtaani tukaliokota la Mmarekani bila ile tofauti yake. Ukitafuta nyumba Nairobi utaambiwa kodi ni kiasi fulani, "maji na garbage" unajilipia. Hapo neno limemeza kila kitu kinachotoka nyumbani, na ndiyo sababu masikio yetu hayasikii kwamba mapipa hayo mawili hayafanani.

Asili ya neno itakusaidia. "Garbage" katika Kiingereza cha karne ya 15 halikuwa neno la kitu cha kutupwa. Lilikuwa neno la wapishi, na maana yake ilikuwa vichwa, miguu, maini na firigisi za kuku na ndege wengine, na viungo hivyo walivipika wakala. Ile miguu na firigisi unazoziona zikiuzwa katika soko la Burma hapa Nairobi, mpishi wa zama hizo angeziita "garbage" bila nia ya kuzitukana. Baadaye neno likatoka chunguni likaenda jaani, lakini halikuachana na jikoni. Nami nikilifasiri kwenye pipa la Mmarekani hulirudisha huko huko jikoni.

Kwa hiyo pipa la kwanza liandike "Mabaki ya chakula na maganda", na la pili "Taka kavu". Najua kuna "taka zinazooza", nalo ni sahihi na linafaa sana katika ripoti. Lakini kumbuka ni nani anayeshuka ngazi na ndoo saa mbili usiku. Mara nyingi ni mtoto, na mtoto anaelewa maganda upesi kuliko kuoza. "Makombo" peke yake hayatoshi, kwa sababu makombo ni chakula kilichobaki sahanini, na ganda la kiazi halikuwahi kufika sahanini. "Uchafu" liache kabisa. Uchafu ni hali, hata shati huwa nao, na shati chafu hatulitupi.

Nalisisitiza hili kwa sababu maandishi ya pipa si pambo. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka za asili ya mimea na chakula zitenganishwe na nyingine pale pale zinapozalishwa, katika vyombo vyenye maandishi na rangi za kuvitambulisha. Ukifasiri ovyo, mwenye nyumba anavunja sheria huku akidhani ameitii, na gari la taka linabeba mchanganyiko ule ule hadi jaa la Dandora.

Wale wanaokuja kuzichukua waandike "wazoa taka". Nimeona tangazo la fleti lililowaita chokoraa. Neno hilo latokana na kuchokora, ni tusi, na mtu anayekusafishia mlango hastahili kulisoma ukutani.

Nje ya tangazo hili utalikuta neno likiwa na sura nyingine. Mtu akiambiwa anasema "garbage", huo ni upuuzi. Mtanzania atasema pumba, ambazo nazo ni taka za nafaka. Katika kompyuta kuna "garbage collection", mbinu aliyoibuni mtaalamu wa kompyuta John McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Lisp, lugha ya kuandikia programu, ambapo programu yenyewe huachilia nafasi ya kumbukumbu isiyohitajika tena. Huko "ukusanyaji taka" unafaa bila taabu.

Sasa "garbage disposal" yako. Hicho si kitendo, ni mashine. Hufungwa chini ya sinki, ikiwashwa inasaga mabaki ya chakula na kuyapeleka na maji kwenye bomba. Jikoni kwa Wamarekani ni kitu cha kawaida, kwetu ni nadra. Iite "mashine ya kusaga mabaki", lakini kabla ya kuandika lolote mpigie mwenye nyumba umuulize kama fleti hizo zinayo. Kama hazina, mwombe aiondoe sentensi nzima. Mpangaji mtiifu atakayeifuata atamwaga ugali kwenye sinki akitafuta swichi, na bomba la jirani wa chini ndilo litakaloziba.