Muulize Fundi: Honi yangu ya midi inalia kama ya mnadani

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga mziki kwenye maharusi huku Mikindani, nina wufa (spika za besi) mbili za inchi 15 na twita zake za sauti nyembamba, besi ipo ya kutosha ila muimbaji anazama, yani mtu akikaa nyuma ya turubai anasikia bum bum tu. Nikajitengenezea honi ya midi, yani ya sauti za kati, kwa plaiwudi, nikaweka spika ya inchi 5, mdomo nikafanya sentimita 15 kwa 15 isije ikajaza bajaji. Sasa inalia kama kipaza cha mnadani. Tatizo spika au mbao?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Spika haina kosa na mbao haina kosa, ni huo mdomo. Sauti inasafiri kama mita 345 kwa sekunde, gawa kwa hezi (mitetemo kwa sekunde) unayotaka honi ianzie, ukitaka 300 unapata mita 1.15, basi mzingo wa mdomo, yani pande zote nne ukijumlisha, usipungue hapo. Wako una sentimita 60 tu, maana yake honi inaanza kubeba kwenye hezi 575 hivi, na sehemu kubwa ya unene wa sauti ya mtu iko chini ya hapo, ndo maana unabaki na kelele ya puani. Bajaji itabidi ivumilie.

Alafu pande zake usizinyooshe tu kama ulivyozoea boksi. Kwa honi ya hezi 300 eneo la ndani linatakiwa liongezeke mara mbili kila sentimita 6.3, kwaiyo anza na koo (tundu la nyuma inapokaa spika) la 6.3 kwa 6.3, ambalo ni kama nusu ya koni ya inchi 5, ukisogea hatua moja upana unakuwa 9, kisha 12.6, 18, 25, unamalizia 36. Urefu wote hauzidi sentimita 32. Mzingo hapo umepita ile mita 1.15, sawa tu, bora uzidi. Plaiwudi nene haitakubali kupinda ivo, chukua ya milimita 3, pinda mbili mbili na gundi katikati, ikikauka igonge kwa kidole, ikilia mlio mrefu ongeza tabaka lingine nje.

Nyuma ya spika weka kiboksi chake kidogo kilichozibwa kabisa. Wengi wanaitumbukiza boksi moja na wufa, besi ikipiga inaisukuma koni ya midi wanabaki kulaumu spika feki.

Krosova, yani kigawa sauti, anza na kapasita ya maikrofaradi 40 isiyo na chanya wala hasi, kwa spika ya omu 8 inakata sauti za chini ya hezi 500 hivi. Usiishushe mpaka 300 kwa sababu honi ikifika kwenye mpaka wake inayumba. Ukishaunga jaribu kugeuza waya za midi, upande ambao sauti ya muimbaji inajaa ndo uache hapo. Na hii chumvi ya bahari, vanishi ndani na nje, hasa kwenye kingo, plaiwudi inaanzaga kufumukia hapo.

SWALI: Fundi, nimepata kichwa (ile spika ya nyuma) cha honi kuukuu ya msikitini, naweza kukitumia kwenye midi ya mziki?
Msomaji, Lindi

JIBU: Kwa maneno kinafaa, kwa mziki utachoka mapema, kimetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu tu. Ukikifunga usikipe besi kabisa, na kwanza angalia kama kina transfoma ya laini ya volti 100 (ya kupeleka sauti mbali kwa waya mrefu), kama ipo usiunge hivihivi kwenye amplifaya ya kawaida, sauti itatoka ndogo sana.