Usilipie vifaa vya 3G: masafa yake ndiyo yanayochukuliwa kwanza

Ndugu yetu wa Mwanza, Ijumaa usilipe kianzio cha vifaa hivyo. Kwa wasomaji wengine: ndugu huyu ameandika kwamba amempata muuzaji wa Dubai mwenye vifaa vya GPS vinavyotumia 3G peke yake, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha tatu, kwa bei ya chini mno, na kwamba anataka kuvifunga kwenye pikipiki anazowapa vijana kwa mkataba ili ajue zilipo usiku na mchana. Ameuliza bando la mtandao gani ni nafuu, programu gani ya kufuatilia ni nzuri, kifaa kifichwe wapi mwizi asikione, na mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, kama 3G ina shida yoyote. Majibu yote yaliyotangulia kwenye uzi huu yamejaa bando na mahali pa kuficha. Hakuna hata mmoja aliyegusa mstari ule wa mwisho, ambao ndio utakaoamua kama fedha hizo zitazaa au zitazama.

Masafa ya simu, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano, ni mali yenye mipaka. Mamlaka ya nchi huyagawa kwa vipande, kampuni huyalipia, na hakuna kiwanda kinachotengeneza mengine. Kampuni inapotaka kupanua 4G au kuanzisha 5G ina njia mbili: kununua kipande kipya pale mamlaka inapokitoa, au kuchukua kipande inachokimiliki tayari, kilichokuwa kinabeba teknolojia ya zamani, na kukipa kazi mpya. Njia ya pili haihitaji mnada, ingawa mara nyingine huhitaji ruhusa ya mdhibiti. Kampuni ya EE ya Uingereza ilifungua 4G ya kwanza nchini humo tarehe 30 Oktoba 2012 kwa masafa ya megahezi 1800, yaleyale yaliyokuwa yakibeba simu za 2G, baada ya mdhibiti, Ofcom, kuiruhusu mwezi Agosti mwaka huohuo. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeyatengea masafa ya megahezi 900 teknolojia ya GSM, yaani 2G, tangu 1987, na ilibidi ubadilishe agizo lake mwaka 2009 ili teknolojia mpya iruhusiwe kuingia humo. Nchini Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilianza kutoa 5G kwa masafa ya 850 mwezi Desemba 2019, masafa ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yamebeba simu za vizazi vilivyotangulia. Kwa hiyo mnara unaouona ukiongezewa kasi, mara nyingi kuna mtumiaji wa mtandao wa zamani anayepunguziwa nafasi katika mnara huohuo.

Swali linalokuhusu wewe ni nani anayepunguziwa kwanza, na wengi hudhani ni 2G kwa kuwa ndiyo kongwe. Hapo ndipo watu wanapopotea. Chaneli moja ya 2G inachukua kilohezi 200 tu, ndiyo maana kampuni yenye kipande cha megahezi 10 inaweza kuibakizia 2G chaneli chache pembeni na sehemu kubwa iliyobaki ikaipa 4G. Chaneli moja ya 3G inahitaji megahezi 5 kwa mkupuo, na kwa kawaida huwezi kuinyofoa robo ukaiacha ifanye kazi. Mpangaji wa 2G unaweza kumhamishia chumba cha uani akaendelea kuishi. Mpangaji wa 3G ama anakaa nyumba nzima ama anatoka. Ndiyo sababu Ujerumani ilizima 3G mwaka 2021 na kuiacha 2G ikiendelea, ingawa 2G ndiyo mama. Ulaya ina sababu nyingine pia ya kuibakiza 2G: magari ya aina mpya zilizoidhinishwa tangu Aprili 2018 yanapaswa kuwa na mfumo wa kupiga simu ya dharura wenyewe baada ya ajali, na mengi kati ya hayo yalijengwa kutegemea mitandao ya zamani.

Sasa nieleze kwa nini nimeandika kwa ukali. Ninaishi Columbus, Ohio, hapa Marekani, na nimekuwa nikiendesha kampuni ndogo ya magari ya kuwapeleka wagonjwa kliniki na kwenye usafishaji wa figo, kazi ambayo wenzetu wengi wa Afrika Mashariki wanaifanya hapa. Safari hizo hulipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kupitia kampuni za kati zinazozigawa, na kampuni hizo hazilipi kwa neno la dereva. Zinataka kumbukumbu ya GPS inayoonyesha gari lilifika mlangoni saa ngapi na likaondoka saa ngapi. Bila kumbukumbu hiyo safari inahesabiwa kuwa haikufanyika, hata kama mgonjwa mwenyewe atasimama kuthibitisha kwamba alipelekwa na kurudishwa.

Mwishoni mwa mwaka 2020 alikuja mtu wa mauzo wa kampuni ya vifaa vya GPS, akanifungia vifaa vya 3G kwenye magari yote kwa mkataba wa miaka mitatu. Nilimuuliza wazi kuhusu uhai wa mtandao, kwa sababu nilikumbuka kwamba AT&T ilikuwa imezima 2G yake tangu mwanzoni mwa 2017 na vifaa vingi vikafa. Alinijibu kwamba hilo ndilo linalonihakikishia usalama: 2G imeshakufa, waliokuwa humo wamehamia 3G, na mtandao wenye wateja wengi namna hiyo hauwezi kuguswa. Alilisema hilo akiwa ameketi mezani kwangu, wakati tangazo kwamba 3G ya AT&T ingezimwa Februari 2022 lilikuwa limeshatolewa tangu 2019. Mtu ambaye kazi yake ni kuuza vifaa vya mtandao huo hakuweza kutolijua. Alilijua, akaupa mkataba urefu unaoivuka tarehe hiyo, akachukua kamisheni yake na kuondoka, na kwa mtu wa namna hiyo sina neno la heshima.

Hasara haikungoja Februari 2022, na hili ndilo naomba ulisome mara mbili. Mtandao hauzimwi siku moja kama taa. Kampuni huanza kuyachukua masafa ya chini, yaani 700, 800, 850 na 900, kwa kuwa ndiyo yanayokwenda mbali na kupenya kuta. Mtandao wa zamani unaposukumwa kwenye masafa ya juu, unabaki ukionekana mjini na kutoweka vijijini na ndani ya majengo. Mwaka 2021 wote magari yangu yalikuwa yakipotea kwenye skrini kila yanapoingia chini ya hospitali au kwenda kaunti za mashambani, kisha yanajitokeza upya barabara kuu, na katikati pana pengo. Kila pengo lilikuwa safari isiyolipwa. Kampuni iliyoniuzia ilipopigiwa simu ilisema antena zimefungwa vibaya, ikanituma kwa fundi, fundi akalipwa, antena zikahamishwa, na mapengo yakabaki palepale. Nilimlaumu dereva mmoja mzee, mtu mwaminifu kabisa, kwamba anachomoa nyaya. Kosa hilo lingeweza kuepukwa kama mtu mmoja tu wa kampuni ile angesema ukweli kwamba mtandao wenyewe ndio uliokuwa ukipunguzwa.

AT&T ilizima 3G tarehe 22 Februari 2022, siku ileile iliyotangazwa, na kwa hilo siilaumu. T-Mobile ilifuata kwa 3G yake mwezi Julai, na Verizon mwisho wa mwaka. Wafanyabiashara wa kengele za usalama walikuwa wameiomba tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwaka 2021 isogeze tarehe ya AT&T, wakieleza kwamba janga la korona limewazuia kuingia majumbani mwa watu na kwamba chipu hazipatikani. Tarehe haikusogezwa. Sasa fikiria hali ya mfanyabiashara mdogo wiki hiyo: kila mwenye kengele, kila mwenye lori, kila mwenye kifaa cha wazee cha kuitia msaada anatafuta kifaa cha 4G kwa wakati mmoja, wakati dunia nzima ina uhaba wa chipu. Bei ilipanda, mafundi hawakupatikana, na magari yangu yalisimama uani kwa sababu gari lisiloonekana kwenye skrini halipewi safari.

Na mkataba? Mkataba uliendelea kudai malipo ya kila mwezi. Kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba upatikanaji wa mtandao wa mtu wa tatu si jukumu la muuzaji, na kwamba mteja ndiye atakayegharamia kifaa kingine endapo teknolojia itabadilika. Nikalipia vifaa vilivyokufa na vifaa vipya kwa miezi ileile, nikawalipa mafundi, na safari zilizokataliwa hazikurudi. Nikijumlisha yote, bei ya kifaa chenyewe, ile ambayo muuzaji wako wa Dubai anakuonyesha kwa fahari, ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote.

Ndiyo maana maneno ya muuzaji huyo uliyoyanukuu, kwamba Afrika 3G haiwezi kufa, yamenichoma. Anauza akiba ambayo nchi alizozoea kuziuzia haziitaki tena. Australia nako mitandao ya mwisho ya 3G ilizimwa mwishoni mwa Oktoba 2024, Ujerumani miaka mitatu kabla, Marekani katika mwaka 2022. Kila mtandao unapozimwa kuna maghala yanayobaki na vifaa vizima visivyo na pa kuunganika, na lazima vitafutiwe mnunuzi ambaye hajasikia. Kibaya zaidi, kifaa kilichotengenezewa soko la Marekani mara nyingi hushika 3G ya masafa ya 850 na 1900, wakati huko kwetu 3G imejengwa kwenye 900 na 2100. Unaweza kukifungua kutoka kwenye boksi, ukaweka laini yenye bando, na kisione mnara hata mmoja kuanzia siku ya kwanza.

Kuhusu Afrika Mashariki, nadhani mwelekeo utakuwa wa Ulaya na si wa Marekani, na sababu ziko mkononi mwa kila mtu. Vitochi, yaani simu ndogo za vitufe, bado ni vingi. Mtu anapobonyeza *150*00# kutuma fedha, kwa kawaida ombi lake hupita kwenye mtandao wa 2G au 3G hata kama simu yake ni ya 4G. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, hutuma taarifa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwa laini ya simu, nyingi kwa GPRS, ambayo ni 2G. Kampuni inayotaka kuongeza 4G na 5G bila kuvunja huduma za fedha itaibakiza 2G kwenye chaneli zake chache na kuitazama ile megahezi 5 ya 3G iliyokaa katikati kama nafasi inayosubiri kuchukuliwa. Kifaa cha 3G peke yake kimesimama hasa mahali panapobomolewa. Na usingoje tangazo la tarehe, kwa kuwa huko mashambani kuelekea Magu au Sengerema, ambako pikipiki iliyoibwa ndiko itakakokimbilia, kupungua kwa masafa ya chini kutakufikia kabla ya tangazo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siipunguzi: kifaa chochote kitakachofungwa kwenye chombo kwa zaidi ya mwaka mmoja lazima kishike 4G na kiweze kurudi 2G pale 4G inapokosekana, kama kina 3G ndani yake iwe ziada tu. Tafuta kile kinachoandikwa LTE Cat 1 (LTE ni jina jingine la 4G) chenye 2G. Kasi yake ya kupakua ya megabiti 10 kwa sekunde ni nyingi kuliko pikipiki itakavyowahi kuhitaji. Usipewe LTE-M peke yake, aina ya 4G ya vifaa vidogo, kwa jina la 4G, kwa sababu teknolojia hiyo hufanya kazi pale tu kampuni ya simu ilipoiwasha, na muuzaji wa mbali hatakuambia hilo. Angalia namba za bendi, yaani vipande vya masafa ambavyo kifaa kinaweza kushika: 3 ni 1800, 8 ni 900, 20 ni 800, 28 ni 700, 1 ni 2100. Kifaa kinachoonyesha bendi 2, 4, 12 na 13 bila hizo nilizozitaja kimetengenezewa Marekani, na bei yake hata ikiwa bure ni ghali. Nenda na orodha hiyo kwenye ofisi ya kampuni ya simu unayotaka kuitumia, umuulize mhandisi, wala si kijana wa kaunta, ni bendi zipi zimewashwa kwenye minara ya Kanda ya Ziwa.

Hilohilo linawahusu waliouliza chini ya uzi huu kuhusu simu za mtumba. Simu inaweza kufungua intaneti ya 4G vizuri na bado ikashindwa kupiga simu ya sauti 3G inapoondolewa, kwa sababu haina VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu ya sauti kupitia 4G, au VoLTE yake haikubaliki kwenye mtandao huo. Australia walilazimika kuzuia simu za namna hiyo kabisa, kwa hofu kwamba mwenye nayo angepiga 000, namba ya dharura ya huko, asipate jibu.

Mwambie muuzaji akutumie jina kamili la moduli ya mawasiliano iliyo ndani ya kifaa, si jina la boksi, pamoja na ukurasa wa maelezo unaoonyesha bendi. Akikataa, umeshapata jibu. Akikutumia, uweke hapa kabla ya Ijumaa nami nitausoma mstari kwa mstari. Usimlipe chochote kabla ya hapo, hata kama atakuambia kuna mteja mwingine anayesubiri mzigo huohuo.